Wamezoea? Nani kakwambia?

Kuna neno moja linaniudhi kuliko yote: "wamezoea". Juzi kwenye kikao cha habari nilipendekeza tuandike kuhusu makuli wa masoko ya Dar. Mwenzangu mmoja, msomi kama mimi, akacheka: "Wale wamezoea, bwana." Habari ikafia pale. Basi naiandika hapa.

Jamani, tuache siasa kidogo turudi kwenye baiolojia ya sekondari, ile tuliyoikariri, tukafaulu mtihani, tukaisahau.

Kunja kiwiko chako. Msuli wa mbele unavuta, wa nyuma unalegea. Nyoosha mkono, wanabadilishana zamu. Msuli kazi yake ni kuvuta tu, kusukuma haujui. Na unavutia karibu mno na kiungo: kama sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, wakati ndoo uliyoshika iko sentimita 35 hivi. Ndiyo maana ndoo ya kilo 10 inaudai msuli nguvu kama ya kilo 80 na ushei.

Hesabu hiyo hiyo ipeleke mgongoni. Misuli inayonyoosha mgongo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili. Inama, nyanyua mzigo wa kilo 20 ulio sentimita 40 mbele yako: misuli inavuta kama kilo 160, na hapo hujahesabu uzito wa kiwiliwili chako. Mvuto wote huo unakandamiza diski zilizo kati ya pingili za kiunoni. Makuli wanalijua hili kuliko sisi. Ndiyo maana gunia hulibeba kichwani au begani, karibu na mhimili wa mwili, na huomba mwenzao awatwike. Lakini gunia likifika kilo 120, ufundi nao una mwisho.

Sasa turudi kwenye "wamezoea". Kilichozoea ni msuli. Msuli una damu nyingi, na ukiutumikisha huku unakula vizuri, nyuzi zake zinanenepa. Ndio ule mkono unaouona ukasema jamaa ana nguvu. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haliko hivyo. Halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa kiungo, likiminywa na kuachiwa kama sponji unapotembea. Kwa hiyo kutembea ni kuzuri, na kazi ya mwili ni nzuri. Ila gegedu likichanika, linapona kwa shida sana. Tena halina mishipa ya fahamu, maana yake linalika kimya kimya. Siku goti linapoanza kuuma, wanaolia ni majirani: mfupa na utando wa kiungo. Gegedu lenyewe halikusema kitu.

Kila msimu tunapiga kelele kwamba lumbesa inamwibia mkulima. Kweli, inamwibia. Lakini lile gunia lenye kilemba linapita juu ya uti wa mgongo wa nani? Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo kwa mwanaume mtu mzima. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zimeweka gunia la viazi kilo 50. Sisi sheria ya vipimo inakomea kilo 100. Yaani hata gunia halali, lisilo na kilemba, linakaribia mara mbili ya ukomo ule!

Mtasema makuli watakosa kazi. Kivipi? Tani ya viazi ni tani ile ile. Magunia yataongezeka, ujira utapangwa upya, na mtu ataweza kufanya kazi hiyo miaka mingi zaidi. Nasema gunia liwe kilo 50, nchi nzima, kwa mazao yote. Asiyekubali karibu tubishane, ila aje na hoja.

Na wewe mwenzangu wa kikaoni, siku ukimwona mzee mwenye mabega mapana anashuka daladala kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili, usimpigie kelele awahi. Muulize alizoea kazi gani.