Kodi mbili, nafuu moja: Mpangaji je?

Lugha yetu ina neno moja kwa mizigo miwili. Pesa unazompa landilodi kila mwezi ni kodi. Pesa ambazo serikali hukata kwenye mshahara kabla hujauona, hizo nazo ni kodi. Ili tusichanganyikiwe leo, za serikali tuziite ushuru.

Swali letu ni hili: je, ni haki aliyechukua mkopo wa nyumba apunguziwe ushuru kwa sababu ya riba anayolipa, ilhali mpangaji hapunguziwi hata senti kwa kodi anayolipa?

Kwanza tuielewe sheria. Mtu aliyekopa kutoka taasisi inayotambuliwa na sheria ili anunue au kukarabati nyumba anayoishi huruhusiwa kuondoa riba katika mapato yake kabla ya kutozwa ushuru. Kikomo kilikuwa Sh150,000 kwa mwaka. Januari 2017 kikawa Sh300,000, na mwishoni mwa Desemba 2024 kikapanda hadi Sh360,000. Mwaka 2025 mikopo ya kujenga nayo ikaingizwa. Ni nyumba moja tu, ile unayolala.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mwalimu mkuu na mkewe muuguzi wamekopa Sh6 milioni kwa riba ya asilimia 14, walipe kwa miaka 20. Kila mwezi watatoa karibu Sh75,000. Katika mwaka wa kwanza, riba pekee itapita Sh830,000. Ikiwa mkopo ni wa bwana na mshahara wake uko katika daraja la asilimia 30, ile Sh360,000 isiyotozwa ushuru itamwokolea Sh108,000 kwa mwaka, yaani Sh9,000 kwa mwezi.

Mwenye mkopo atakwambia hizo si pesa za anasa. Atasema riba inamla, watoto wanataka karo, na akishindwa kulipa, nyumba itapigwa mnada. Isitoshe, anayejitafutia makao anaipunguzia serikali kazi. Maneno hayo yana uzito, na mimi siyapuuzi.

Walakini, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Tuingie ndani tuone nani hasa amekaa humo. Takwimu za Benki Kuu za mwisho wa 2023 zilionyesha kuwa mikopo ya nyumba katika benki zetu zote ilikuwa takriban 30,000. Elfu thelathini, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50! Wengine wetu tuko Kayole, Umoja, Pipeline na Githurai, tukihesabu siku za mwezi.

Tena nafuu yenyewe humfaa zaidi aliyeshiba. Anayepata zaidi ya Sh500,000 kwa mwezi yuko katika daraja la asilimia 32.5, kwa hivyo Sh360,000 zile zile humwokolea Sh117,000. Mwenye mshahara mnono anapata zaidi kuliko mwalimu wetu. Naye mpangaji wa chumba kimoja hapati kitu. Zile Sh9,000 za mwalimu zingetosha kumlipia kodi ya mwezi mzima katika mitaa mingi ya Nairobi.

Lakini linaloniuma zaidi si hilo. Kulikuwa na mpango mwingine, wa kuweka akiba ya kununua nyumba. Ulimlenga yule ambaye bado hana nyumba. Aliweza kuweka hadi Sh8,000 kwa mwezi, kwa miaka isiyozidi kumi, na akiba hiyo haikutozwa ushuru. Sheria ya Fedha ya 2020 iliufuta. Miaka minne baadaye, kikomo cha aliyekwisha kupata mkopo kikaongezwa. Yaani tumeng'oa kipandio cha chini cha ngazi, kisha tukakipaka rangi cha juu.

Na kinachowazuia vijana wengi ni kile kipandio cha chini. Benki haianzi kwa kukuuliza utalipaje riba. Huanza kwa kukuuliza malipo ya kwanza, na hapo ndipo wengi hugeuka wakarudi nyumbani kwa landilodi.

Wenye hofu watasema nafuu ya riba ikiguswa watu wataacha kununua nyumba. Tutazame kwingine. Uingereza iliifuta nafuu ya aina hiyo Aprili 2000, Gordon Brown akiwa waziri wa fedha, na Waingereza hawakuacha kununua nyumba. Marekani inayo hadi leo. Jirani yake Kanada haimpunguzii mtu ushuru kwa riba ya nyumba anayoishi. Hata hivyo, katika kila moja ya nchi hizo mbili takriban theluthi mbili za familia zinaishi katika nyumba zao wenyewe.

Basi nasema hivi. Waliokopa wakiitegemea nafuu hii wasinyang'anywe ghafla, kwa maana walipanga maisha yao juu yake. Lakini kikomo kisipandishwe tena kabla ya kumrudishia mweka akiba haki yake. Shilingi ya kwanza ya huruma iende kwa anayetafuta mlango, siyo kwa anayeshika ufunguo. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 tutayazungumza Jumapili nyingine.

Na wewe mwenye mkopo, usinichukie. Madhali sheria ipo, idai haki yako. Iombe benki hati ya riba uliyolipa mwaka mzima, kisha uijaze katika taarifa yako ya ushuru kwa KRA kabla ya Juni 30. Ukizembea, usimlaumu waziri.

Nawe mpangaji, diwani na mbunge watakuja kuomba kura. Wakikuahidi nyumba, waulize hivi: ile akiba yetu iliyofutwa mtairudisha lini?