Haki ya Wenye Ulemavu Isigeuzwe Sadaka

Kila mwaka, tarehe 3 Desemba, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Siku hiyo na siku zinazoikaribia, magari ya wafadhili huonekana katika vituo na shule zinazolea watoto wenye ulemavu. Hushushwa mchele, maharage, sabuni na mafuta ya kupikia. Risala husomwa, picha hupigwa, shukrani hutolewa, kisha wageni huondoka.

Hakuna mtu mwenye moyo wa utu anayeweza kulaumu ukarimu huo. Mtoto mwenye njaa hulishwa kwanza, maswali huja baadaye. Lakini ni dhahiri kwamba taifa ambalo linawakumbuka wenye ulemavu kwa gunia la mchele tu limewapa sadaka mahali ambapo linawiwa haki. Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana wazi katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kitahana wilayani Kibondo hadi Kabanga wilayani Kasulu.

Kabanga ni mahali panapojulikana na walimu wengi, kwa sababu kipo chuo cha ualimu. Ipo pia shule ya msingi ambayo ilikwisha kuzoea kupokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi, shule hiyo ilianza, kuanzia mwaka 2008, kupokea watoto, na hata akina mama, waliokimbia vijiji vyao wakihofia kukatwa viungo na watu wanaofuata ushirikina wa kutafuta utajiri. Uamuzi wa kuwahifadhi ulikuwa sahihi. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtoto 1 kati ya kila 1,400 huzaliwa na ualbino, na katika miaka ile kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo alilala akisikiliza mlango.

Hata hivyo hifadhi ile ilikusudiwa kuwa ya muda. Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mtoto anayetolewa kijijini Kitahana akiwa na umri wa miaka mitano na kuwekwa nyuma ya ukuta uliojengwa kwa ajili ya usalama wake, hukua mbali na mama yake, mbali na shamba la baba yake, mbali na michezo na misiba ya ukoo wake. Akifikisha umri wa utu uzima, huwa mgeni katika kijiji alichozaliwa. Amenusurika, lakini amelipia uhai wake kwa kupoteza nyumbani. Aliyemtisha yuko huru, aliyetishwa ndiye aliyefungiwa. Mchele na sabuni, hata vikija kila mwezi, haviwezi kurekebisha jambo hilo. Kinachoweza kulirekebisha ni sheria inayotekelezwa.

Ndiyo sababu inafaa kuitazama kwa makini kazi ya mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyochagua njia ndefu ya mahakama. Mwaka 2009, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kikishirikiana na Chama cha Albino Tanzania pamoja na Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, kilifungua shauri la kikatiba katika Mahakama Kuu kuhusu ulinzi wa watu wenye ualbino. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu waliopatikana na hatia ya kumuua mtoto mwenye ualbino. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake, nayo ilionyesha kwamba ushahidi ukikusanywa ipasavyo, muuaji hana pa kujificha.

Safari haikuishia hapo. Mwaka 2018 Kituo hicho, pamoja na mashirika mengine mawili ya Afrika, kilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Februari 2025 Mahakama hiyo ilitoa hukumu. Ilisema kwamba nchi haikutimiza ipasavyo wajibu wa kulinda uhai na utu wa raia wake wenye ualbino, ikaagiza hatua za kuwalinda na kuuelimisha umma. Kutoka shauri la kwanza hadi hukumu hiyo ni miaka 16. Katikati ya miaka hiyo maovu hayakukoma kabisa. Mwaka 2024 taifa zima liliomboleza mtoto wa miaka miwili na nusu aliyetekwa na kuuawa wilayani Muleba, mkoani Kagera.

Wapo wanaonung'unika kwamba mashirika yanayoishtaki Serikali ni maadui wa Serikali. Fikra hiyo ni potofu. Sheria zinazodaiwa mahakamani zilitungwa na Bunge la nchi hii. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliridhiwa na nchi hii mwaka 2009, na mahakama ya Arusha imepewa makao na nchi hii. Raia anayeikumbusha Serikali ahadi yake ameiamini ahadi hiyo. Wa kuogopwa ni mtumishi anayeiweka ahadi hiyo kabatini, kisha akasoma risala nzuri tarehe 3 Desemba.

Kazi ya sheria inahitaji fedha, na hapo ndipo mashirika mengi hukwama. Ni rahisi kumwomba mfanyabiashara achangie magodoro, kwa maana godoro hupigwa picha. Ni vigumu kumwomba achangie nauli ya shahidi kutoka kijijini hadi mjini, kunakili majalada, au posho ya msaidizi wa kisheria anayetembea kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Mambo hayo hayana picha. Kwa muda mrefu yamelipwa na wafadhili wa nje. Lakini mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo katika Afrika zilisimama. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Haki ya mtoto wa Kibondo haiwezi kuachwa itegemee bajeti inayopangwa Washington.

Kwa hiyo wananchi wenyewe hawana budi kuichangia kazi hii, na mashirika nayo hayana budi kustahili kuchangiwa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka yatoe taarifa na hesabu zao kila mwaka. Shirika linalokusanya fedha kwa picha ya mtoto mwenye ulemavu, kisha likaficha hesabu, limemnyang'anya mtoto huyo mara mbili: limechukua fedha yake, na limechukua heshima yake.

Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba mzigo wote ni wa mashirika na wachangiaji. Sehemu kubwa ya haki hii haihitaji wakili wala mfadhili. Inamhitaji mtumishi wa umma anayefanya kazi yake. Taifa hili lilitunga sheria kuhusu ajira na matunzo ya wenye ulemavu tangu mwaka 1982, likatunga nyingine iliyo pana zaidi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Inataka kamati za watu wenye ulemavu ziwepo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Inaunda mfuko wa taifa kwa ajili yao. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Basi maswali ni mepesi, na kila mtumishi anaweza kujiuliza akiwa mezani kwake. Je, kamati ya kijiji iliundwa, na ilikutana lini mara ya mwisho? Je, afisa utumishi amehesabu waajiriwa wenye ulemavu? Je, tangazo la mikopo limemfikia kiziwi ambaye hasikii redio, na asiyeona ambaye hasomi ubao wa matangazo? Je, mtendaji wa kata anazijua nyumba zenye watoto wenye ualbino, na majirani wameandaliwa kuwalinda? Kijiji kinachoweza kujibu maswali hayo ndicho ambacho mtoto wa Kabanga anaweza kurudi na kuishi kwa amani.

Mwalimu naye ana nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuijaza. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri ubaoni. Kumweka kiti cha mbele, kumruhusu asogee karibu na ubao, kumpatia mtihani wenye maandishi makubwa, na kumkubalia avae kofia na shati la mikono mirefu juani, ni mambo yasiyosubiri fungu kutoka wizarani. Jua lisilokingwa huleta saratani ya ngozi, na ugonjwa huo umewaua watu wenye ualbino wengi bila kelele yoyote ya magazeti. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi wake kwamba ualbino ni urithi wa kawaida kutoka kwa baba na mama, wala si laana wala dawa ya utajiri, anaung'oa ushirikina kabla haujaota mizizi.

Waswahili husema hujafa hujaumbika. Ajali ya pikipiki, kisukari au uzee vinaweza kumfikisha mtu yeyote mahali ambapo leo anapatazama kwa huruma. Siku hiyo ikifika, hatataka kupigwa picha akipokea sabuni. Atataka kazi yake, nyumba yake, na mlango wa ofisi unaofunguka anapobisha. Wenye ulemavu wa Kitahana, wa Kasulu na wa nchi nzima wanataka hayo hayo leo. Wachangiwe mchele pale penye njaa, lakini juu ya yote sheria zao zitekelezwe, ili watoto waliopelekwa Kabanga kwa kuokolewa waweze kurudi nyumbani kwa kuwa ni haki yao.