MBWA NA JUA LA MWEZI WA KUMI

Katika namba hii tunataka kusema juu ya mbwa. Tunajua wamoja watacheka. Mwenzetu wa kalasi ya sita, alipoona kichwa cha habari hii juu ya meza, alisema: "Banakosa kitu ya kuandika, njo banaandika juu ya imbwa!" Acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Neno letu ni moja. Mbwa akiitwa na bwana wake, hakatai kwenda. Basi saa ya kwenda inachaguliwa na mtu, na mbwa akianguka njiani hatuwezi kusema ni jua peke yake lililomwangusha.

Hapa kwetu Katanga ya kusini masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa, na ni wakati ule ule joto linapoanza kupanda. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi watu wanatetemeka, wanavaa mapulova. Kisha mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua kuanza, Lubumbashi inafika digrii 32 ao 33 mchana. Mwili wa mbwa haugeuki kwa siku moja. Unahitaji siku nyingi, hata majuma, ili uzoee joto. Na ni katika majuma yale ya kwanza wanafunzi wanarudi, na siku ya posho, kazi ya usafi ikiisha, wamoja wanawapigia mbwa mluzi na kwenda nao porini kutafuta panya. Porini majani yamekwisha kuchomwa. Ardhi ni nyeusi, ni ya moto, kivuli hakuna, na mto uko mbali.

Mtu akitembea katika jua, jasho linamtoka mwili mzima na upepo unampoza. Mbwa hana jasho namna ile. Anatoa jasho kidogo tu chini ya nyayo, na hiyo haitoshi kitu. Dawa yake ni ulimi: anahema upesi upesi, umajimaji wa mdomo na pua unakauka, na joto linatoka pamoja nao. Ndiyo sababu wale wanaofunga mdomo wa mbwa kwa kamba ili asiume watu njiani wanafanya vibaya sana wakati wa jua. Wamefunga mlango peke yake ambao joto linatokea. Mbwa mzima ana digrii 38 mpaka 39 katika mwili wake. Zikipita 41, yuko karibu na kufa; ubongo, figo na matumbo vinaanza kuharibika.

Tumesikia mara nyingi: "Ile ya Bazungu njo inaogopa jua. Imbwa ya kwetu inazoea." Kuna ukweli kidogo ndani yake. Mbwa wa pua fupi, kama wale wanaoonekana katika lupango za matajiri, anateswa na joto kuliko wengine, kwa kuwa pumzi yake haina njia nzuri. Mbwa wa kwetu ni mwembamba, manyoya yake ni mafupi, pua ni ndefu. Tena anajulikana duniani. Wazungu walichukua mbwa wa Kongo, yule asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wajue aliko. Wakamwonyesha London mwaka 1937, wakamwita basenji. (Jina lile ni neno washenzi tu. Sisi hatulipendi, lakini mbwa hana kosa.)

Lakini mtazame vizuri mbwa wa kijiji asiyefungwa. Jua likiwa juu ya kichwa, yeye yuko wapi? Amelala chini ya ghala, ao amechimba shimo katika kivuli cha mwembe na kuweka tumbo lake juu ya udongo wa baridi. Hatembei. Hakuzoea jua, amezoea kulikimbia! Siku unapomfunga kamba shingoni, ao unapompigia mluzi naye anakufuata kwa sababu anakupenda, akili yake ile yote umeiondoa. Sasa anatembea kwa akili yako wewe.

Katika Uingereza, ambayo ni inchi ya baridi, wataalamu walichunguza maandishi ya waganga wa nyama juu ya mbwa waliougua kwa joto, na mwaka 2020 wakatangaza waliyoyaona. Karibu robo tatu ya mbwa wale waliugua kwa kutembea, kukimbia na kucheza, si kwa kufungiwa ndani ya magari kama watu wengi walivyofikiri. Kama ni vile kule, tuseme nini sisi?

Na gudroni. Sisi tuna viatu ao sapato, mbwa yuko na ngozi ya nyayo tu. Weka mgongo wa mkono wako juu ya gudroni mchana, uhesabu polepole mpaka saba. Ukishindwa kufika saba, nyayo za mbwa zitaungua, mpitishe katika majani ya kando.

Mwaka jana mwezi wa kumi tuliona jambo karibu na soko. Mbwa alikuwa akikimbia nyuma ya velo ya bwana wake, mchuuzi wa makala, tangu asubuhi. Alipofika penye watu alianza kuyumba kama mlevi, povu mdomoni, macho yanaangalia lakini hayaoni. Mtoto mmoja akapiga kelele: "Iko na wazimu!" Basi mawe yakaanza. Mchuuzi alipotupa velo yake chini na kurudi mbio, ilikuwa bure. Mbwa hakuuma mtu. Sisi tunaamini kwamba hakuwa na wazimu hata kidogo, alikuwa na joto.

Hatusemi watu wale ni wajinga. Ugonjwa wa wazimu wa mbwa uko kweli katika inchi yetu, na dalili zake zikionekana katika mtu, karibu hakuna anayepona. Dunia inaukumbuka kila tarehe 28 ya mwezi wa tisa, siku Louis Pasteur alipokufa, mwaka 1895. Kwa hiyo mbwa usiyemjua, anayeyumba, usimguse kwa mkono. Mwondoe watoto karibu, ita mwenyewe, na kama unaweza, mmwagie maji kwa ndoo ukiwa mbali. Akikuuma, ao mate yake yakiingia katika kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Mawe hayamponyi mtu aliyekwisha kuumwa.

Lakini mbwa wako mwenyewe, uliyetoka naye nyumbani mzima, akianza kuhema kwa nguvu, ulimi umepanuka, mate mazito, miguu ya nyuma inalegea, usingoje. Hapo hapo simama. Mpeleke kivulini na kumwagia maji mwili mzima, zaidi tumboni na katikati ya mapaja, na mwingine ampepee kwa kartoni. Maji ya baridi hayamdhuru, ingawa wazee wamoja wanakataza. Usimfunike gunia lenye maji na kuliacha juu yake, litazuia joto kutoka. Akitaka kunywa, anywe kidogo kidogo, asipotaka, usimlazimishe. Na hata akisimama tena, munganga wa nyama amwone kama yuko, kwa kuwa figo zinaweza kumwangusha kesho yake.

Kuna neno moja la wenzetu ambalo hatulidharau. Wanasema: "Mama zetu wanabeba bidoni za maji kichwani kutoka mbali, nanyi mnataka kumwagia mbwa?" Ni kweli, maji ni taabu katika mitaa mingi. Ndiyo maana tunashika zaidi saa kuliko maji. Kutoka na mbwa mbele ya kengele ya kwanza, ao jioni gudroni ikiisha kupoa, hakuna franka hata moja inayotoka. Angalia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, mwache mbwa alale. Nasi tunaojiita watoto wa misioni tusome Mezali 12:10, tena Kutoka 20:10, pale nyama nao wanapopewa pumziko. Hakuna mahali panaposema isipokuwa mbwa.

Kwa mbwa wawili wa sentineli wa internati, tunaomba mambo mawili. Mnyororo wao uhamishwe kutoka ukuta wa magharibi, ambao unapigwa na jua tangu mchana mpaka jioni, uwekwe chini ya mwembe nyuma ya jiko. Na ndoo moja ya zamani ikae pale karibu na bomba. Bwana Prefe amekwisha kukubali ndoo. Inabaki kujua ni kalasi gani itaanza zamu ya kuijaza posho inayokuja.