Kipande cha kauri na hatima ya mizigo ya Kaliua

Mfanyabiashara wa Kaliua akiulizwa bei ya tumbaku, asali, karanga au mpunga, atajibu bila kufungua daftari. Akiulizwa bei ya plagi ya pini 37 yenye chujio la kauri ndani yake, atacheka, na hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo, safu hii inaona kwamba bidhaa hiyo nayo inastahili kuingia katika hesabu zake. Siku treni ya umeme itakapopita Kaliua, mzigo wake utafika sokoni kwa wakati au utalala njiani kwa sababu ya vitu vidogo kama hicho.

Desemba 2022 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.2 za Marekani. Kaliua imo katika njia hiyo. Mji huu ni mtoto wa reli. Reli ya Kati ilipita hapa kabla ya kufika Kigoma mwaka 1914, na baadaye hapa ndipo lilipochomoza tawi la kwenda Mpanda.

Tofauti ni kwamba reli mpya inatumia umeme wa kilovolti 25, kama ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Kichwa cha dizeli kikiharibika, fundi huona mafuta yanavuja au husikia chuma kinagonga. Kichwa cha umeme kimejaa kompyuta, vihisio na redio, na ugonjwa wake mara nyingi hauonekani wala hausikiki.

Kelele isiyosikika

Mitambo inayogeuza umeme ili uzungushe mota za treni hukata na kuwasha mkondo mara nyingi sana kwa sekunde moja. Kila ukataji hurusha kelele za umeme zinazosafiri ndani ya nyaya. Nyaya hizo hizo, au zilizo jirani yake, hubeba taarifa za mwendo, breki na milango kwenda kwa kompyuta. Kelele ikiingia pamoja na taarifa, kompyuta husoma uongo. Kwa kuwa imeagizwa kutobahatisha katika mambo ya usalama, husimamisha treni.

Dawa mojawapo huwekwa mlangoni, yaani kwenye plagi yenyewe. Ndani ya ganda la chuma huwekwa bamba la kauri lenye matundu, na kila pini hupita katika tundu lake. Bamba hilo limetengenezwa kwa tabaka nyingi nyembamba za kauri na metali, hivyo kila pini huwa na kapasita yake iliyounganishwa na ganda, na ganda huunganishwa na mwili wa treni.

Hesabu yake ni rahisi. Kapasita ya pikofaradi 1,000 huuwekea umeme wa hezi 50 kizuizi cha omu zaidi ya milioni 3, hivyo umeme huo hauponyoki kwenda kwenye ganda. Kelele ya megahezi 100 hukutana na kizuizi cha omu 1.6 tu, nayo hukimbilia kwenye ganda na kuishia hapo. Taarifa hupita, kelele hubaki mlangoni.

Mtego wa bei

Hapa ndipo biashara inapoingia. Plagi yenye chujio na plagi isiyo na chujio zinaweza kufanana kwa sura, idadi ya pini na uzi wa kufungia. Ile isiyo na chujio huuzwa kwa bei ya chini sana. Mzabuni asiye mwaminifu, au asiyejua tu, anaweza kuleta ya pili mahali pa ya kwanza. Itaingia vizuri, taa zitawaka na treni itaondoka. Matatizo yataanza baadaye, tena kwa kubahatisha: leo treni inasimama porini, kesho haisimami. Hakuna hasara ngumu kuhesabu kama hiyo, kwa sababu haina risiti.

Aidha, soko la kauri hizi haliko mikononi mwetu. Watengenezaji wakubwa wa kapasita za kauri wako Japan, Korea Kusini na Taiwan. Zamani tabaka zake za metali zilitumia sana paladi, na paladi ilipovuka dola 1,000 kwa aunsi Januari 2001, viwanda vingi viliharakisha kuhamia nikeli. Mwaka 2018 kapasita za kauri ziliadimika duniani kote, wanunuzi wadogo wakawekwa mwisho wa foleni. Mabamba ya plagi ni bidhaa ya oda maalumu, hayapatikani dukani. Nchi inayosubiri plagi iharibike ndipo iagize, itasubiri pia treni yake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mkandarasi. Ni kweli kwamba kila mkataba una kipindi ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Kipindi hicho kina mwisho, lakini reli inajengwa kutumika kwa miongo mingi. Wengine watasema plagi za chujio ni ghali mno. Nao wana hoja, kwani si kila plagi inahitaji chujio, na kuliweka kila mahali ni kutupa fedha. Lakini pale mbunifu alipoliandika, kuliondoa ili kupunguza bei ni sawa na kuuza breki ili kununua rangi.

Mambo matatu

Kwanza, zabuni za vipuri ziandikwe kwa ukamilifu. Tangu 2023 nchi ina Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma na mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mfumo ni mzuri, lakini hulinganisha kile ulicholishwa. Zabuni ikisema tu "plagi ya pini 37", mshindi atakuwa mwenye bei ya chini. Ikitaja namba kamili ya kipuri, kiwango cha kapasita kwa kila pini, volti inazohimili na cheti kwamba vifaa vimepimwa kwa viwango vya EN 50121 vya kelele za umeme relini, mwenye bidhaa isiyofaa hatakuwa na pa kujificha. Na mzigo unapopokelewa, pini kadhaa zipimwe kwa mita ya kapasita. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Pili, mafundi wafundishwe, na wafundishwe hapa. Chuo cha Reli kiko Tabora, si mbali. Fundi aliyezoea nyaya za kawaida hupima insulesheni kwa mega ya volti 1,000. Akiipiga mega hiyo kwenye plagi ambayo kapasita zake ni za volti 200, anaweza kutoboa kauri na kuiua plagi nzima huku akidhani anaikagua. Vilevile, akipaka rangi au akiacha kutu pale ganda linapogusana na mwili wa treni, kelele haina pa kwenda na chujio linabaki pambo. Makosa hayo hayatokani na uvivu. Yanatokana na kutoelezwa.

Tatu, iwepo akiba ya vipuri kando ya njia. Stoo ya Dar es Salaam haimsaidii abiria aliyekwama kati ya Urambo na Nguruka. Akiba iwekwe Tabora, na vijana wa Kaliua waliosoma umeme wapewe nafasi ya kuitunza na kuitumia. Plagi ni nyepesi na haili nafasi. Kinachohitajika ni daftari linalosema ukweli.

Wakazi wa huku wanajua njia ikifungwa inakuwaje. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa na misafara ikakwama na bidhaa zake. Yeye alijua kwamba mwenye kushika njia ameshika bei. Safari hii njia haitafungwa na mtemi mwenye bunduki. Inaweza kufungwa na kipande cha kauri kilichopasuka ndani ya plagi, au na karani aliyeandika zabuni kwa haraka.

Mkulima wa Kaliua hana sababu ya kujua pikofaradi ni nini. Lakini anakatwa kodi kulipia reli hii, na mzigo wake utabebwa nayo. Ana haki ya kuuliza vipuri vitanunuliwa kwa utaratibu gani, na nani atavipima. Swali hilo liulizwe sasa, kabla ya treni ya kwanza, kwani baada ya hapo jibu lake litalipwa kwa mizigo iliyochelewa.