Kuishi karibu na vichinjio si kinga ya upungufu wa damu

MBUZI kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya hushushwa Kiamaiko, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi unaosifika kwa nyama yao. Nyama hiyo ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa wepesi kuliko yale ya mboga na nafaka.

Hata hivyo, kwa mwanamke aishiye hatua chache kutoka vichinjioni, ujirani huo haumfai kitu ikiwa hana pesa za kununua hata robo kilo. Upungufu wa damu huzungumziwa mara nyingi kana kwamba ni tatizo la vijijini, ambako kliniki ziko mbali. Kiamaiko inabainisha kuwa kizuizi si umbali pekee, bali pia bei.

Utafiti wa kitaifa kuhusu virutubishi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban wajawazito wanne kati ya kila 10 nchini walikuwa na tatizo hilo. Hatari yake si uchovu tu. Mama mwenye damu haba anapojifungua, kuvuja damu ambako mwenzake angekustahimili kunaweza kumuua.

Mnamo 2012, Kenya ililazimisha wasagaji kuongeza madini ya chuma na asidi ya foliki katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti. Ilikuwa hatua ya busara, kwani ugali huliwa na wote. Lakini maskini hununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka katika kinu cha mtaani, na unga utokao humo kwa kawaida hauongezwi chochote. Hivyo basi, sheria humlinda anayemudu pakiti na kumwacha nje aliye na haja kubwa zaidi.

Pengo hilo linazibika. Nchini Tanzania, vinu vidogo kadhaa vimefungwa vifaa vinavyopima na kuchanganya virutubishi mahindi yanaposagwa. Kaunti ya Nairobi, ambayo inasimamia huduma za afya chini ya ugatuzi, ina kila sababu ya kuufuata mfano huo.

Tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki zinazotolewa katika kliniki za wajawazito nazo hufaa tu zikimezwa kila siku tangu mapema. Wapo wanaoanza kliniki mimba ikiwa imekua, na wapo wanaoziacha kwa sababu ya kichefuchefu au kufunga choo. Mhudumu asiyemtahadharisha mama kuhusu maudhi hayo, na jinsi ya kuyapunguza, humpa dawa itakayobaki kabatini.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Heri isubiri saa moja au mbili. Chungwa au maji ya limau husaidia, na kipande kidogo cha nyama ndani ya maharagwe huuwezesha mwili kuyapokea zaidi madini yaliyomo katika maharagwe hayo.

Ushauri huo, hata hivyo, haupaswi kuwa kisingizio cha kumtwika mama mzigo wote. Asiyeweza kununua nyama wala pakiti ya unga hakosi maarifa. Amekosa uwezo, na ni wajibu wa serikali kuhakikisha kinu cha jirani yake kinampa alichokoseshwa na bei.