Umeuziwa au umeazimwa?

Juma lililopita nilikuwa Nairobi, na kabla ya kupanda basi la kurudi Mombasa nilipita Soko la Burma kununua nyama. Kijana aliyenikatia alikuwa amenuna. Nilipomuuliza kulikoni, alifuta mikono akanionyesha simu. Alikuwa amelipa kwa M-Pesa kununua mshambuliaji katika gemu ya kandanda ya mtandaoni. Siku chache baadaye likaja toleo jipya, na yule mshambuliaji akapunguzwa kasi.

"Ustadh," akaniambia, "mimi nikikuuzia kilo mbili hapa, naweza kukufuata mpaka stendi nitoe nusu kilo kwa mfuko wako?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata hadi Mtito Andei.

Wako watakaosema huo ni mchezo wa watoto. Lakini pesa ni pesa, na malalamiko haya si mageni. Novemba 2005, kampuni ya Sony Online Entertainment ilitoa nyongeza ya kulipia ya gemu yake ya Star Wars Galaxies. Siku chache tu baada ya kuiuza, ikatangaza kuibadilisha gemu yote. Kazi zaidi ya 30 ambazo mchezaji angeweza kuchagua zikapunguzwa hadi 9. Watu waliosota miezi kupata hadhi ya Jedi wakaona mgeni anaanza nayo siku ya kwanza. Kelele zilipozidi, kampuni ikakubali kuwarudishia pesa walionunua nyongeza ile. Wengi walikwishahama, na gemu ikafungwa Desemba 2011.

Tuwe waadilifu. Gemu ya mtandaoni haiwezi kukaa vilevile. Mchezaji mmoja akiwa na nguvu kupita kiasi, wengine wanachoka, na wadanganyifu lazima wazibiwe njia. Mabadiliko si dhuluma. Dhuluma ni kumuuzia mtu kasi leo, kumpunguzia kesho, na pesa ukabaki nazo. Biashara tuliyofunzwa chuoni inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye kasoro asiyoijua. Hapa muuzaji mwenyewe ndiye anayetia kasoro baada ya kupokea malipo!

Kampuni hujitetea kwamba hukununua kitu, umepewa leseni ya kukitumia tu, na masharti uliyakubali. Jimbo la California limeligusa jambo hili: tangu Januari 2025, sheria yake inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu.

Nasi hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Hakisemi kwamba bidhaa lazima ipimwe kwa mizani.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kulipa, mteja aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba kitu hiki chaweza kubadilishwa. Kikibadilishwa muda mfupi baada ya kununuliwa, apewe nafasi ya kukirudisha na kupata pesa zake. Hadi hapo, ewe kijana, kabla ya kubonyeza namba ya siri jiulize: ningelipa kiasi hiki kwa kitu cha kuazima?

Kijana wa Burma alinipimia nyama yangu, akaongeza kipande juu. Yeye hakunipa masharti ya kusoma.