Fikra Hazingoji Zamu

Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1950 kwamba mtu wa kawaida hubuni mawazo maradufu akiwa kwenye kundi. Alikosea.

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima hoja hiyo. Wanafunzi wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu, waliwazidi wanne walioketi pamoja karibu maradufu. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha chanzo kikubwa: kusubiri zamu ya kusema hukwamisha fikra.

Kundi lina kazi yake, tena kubwa, ya kuchambua na kuamua. Lakini meneja anayeita watu kumi kikaoni mikono mitupu huwanyamazisha tisa. Awape kwanza karatasi na dakika kumi za kimya.